Shahada ya Sanaa kwa Masafa: Mlango wa Vyeti, Mlango Huria na Lango la Ajira

Jioni moja mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinijia na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote, akavitandaza mezani kimoja kimoja na kuniuliza swali ambalo nimekwisha kuulizwa na watu wengi: "Kaka, nijiunge na chuo cha nje kisichouliza alama za kidato cha sita, au nibaki na cha hapa nchini kitakachonirudisha kwanza kwenye mwaka wa maandalizi?" Ana umri wa miaka 29, anafanya kazi ya masjala katika kampuni binafsi, analea mtoto mmoja, na anataka shahada ya kwanza ya sanaa bila kuacha kazi. Cheti chake cha kidato cha sita kilionyesha Historia D, Jiografia E na Kiingereza E.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya watu walio katika hali inayokaribiana na hiyo, hasa Tanzania na majirani zake. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosonga mbele: anayechagua shahada ya masafa aanze kwa kulikagua lango la ajira analokusudia kupita, kisha ndipo arudi kuulinganisha mlango mmoja wa kuingilia na mwingine. Sababu yake ni kwamba sharti ambalo chuo kimekusamehe siku ya udahili linaweza kudaiwa na mwajiri miaka sita baadaye, na wakati huo hakuna wa kukusamehe.

Mlango wa vyeti

Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo inayoweka kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza, na kiwango hicho hakibadiliki kwa kuwa mtu atasomea darasani au kwa masafa. Mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa daraja la kuanzia A hadi E, na masomo hayo mawili yampe jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kwa hesabu ya A kuwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. D mbili zinatosha, na C moja pamoja na E moja inatosha. Wapo wanaoongozwa na kanuni tofauti kwa sababu ya mwaka waliomaliza, kwa kuwa madaraja ya mtihani yaliwahi kubadilishwa kwa muda mfupi karibu na mwaka 2014 na 2015, kwa hiyo mtu asome kitabu cha mwongozo wa udahili akianzia kwenye mwaka wake mwenyewe.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa amekosea hesabu. Alijumlisha masomo yote matatu, 2 na 1 na 1, akapata 4, akaamini kwamba ana sifa. Pointi hizo zinahesabiwa kutoka katika masomo mawili tu, tena yale ambayo programu husika inayatambua, kwa hiyo jumla yake halali ni 3. Nilimwona akiishika kalamu bila kuandika kitu kwa muda. Nimeeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ni kosa la kawaida mno, na linamgharimu mtu ada ya maombi, na wakati mwingine mwaka mzima wa kusubiri.

Njia ya pili ya kuingia ni stashahada. Mwenye stashahada kutoka chuo kinachotambuliwa huhitaji wastani wa GPA usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne kwa daraja la D au zaidi. Kwa mtu mzima ambaye amekwisha kujiendeleza kazini, njia hii mara nyingi ndiyo fupi, ingawa wengi hawaifikirii kwa kuwa wanaona kidato cha sita kama lango pekee la kifalme.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kinafuata kanuni hizo hizo. Neno huria katika jina lake limewapotosha watu wengi. Uhuria wake upo katika mahali na wakati: mwanafunzi anasoma akiwa Kigoma au Lindi, anapata huduma katika kituo cha mkoa wake, na hana haja ya kuhamia Dar es Salaam yalipo makao makuu. Uhuria huo hauufuti uamuzi wa TCU juu ya nani ana sifa ya kuingia shahada. Kwa waliopungukiwa kidogo, kipo kipindi cha maandalizi ambacho wanafunzi wenyewe hukiita faundesheni, kinachochukua mwaka mmoja na kumwezesha aliyefaulu kuomba shahada kama wenzake. Upo pia utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata kazini na maishani, ambao humpima mwombaji mtu mzima kwa mtihani na kwa jalada la kazi zake.

Majirani wanatofautiana kwa vipimo kuliko wanavyotofautiana kwa fikra. Kenya hudai wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wake wa kumaliza sekondari, kwa anayeingia shahada moja kwa moja kutoka sekondari. Uganda hudai ufaulu wa masomo mawili ya kiwango kikuu katika mtihani wa ngazi ya juu, lakini imeweka pia mtihani wa kujiunga kwa watu wazima waliofikisha umri wa miaka 25, na mtihani huo umewafungulia vyuo watu ambao mfumo wa shule uliwaacha nyuma.

Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, yaani Unisa, nacho ni cha masafa chenye mlango wa vyeti. Kilianza mwaka 1873 kama chuo cha kutahini tu, na mwaka 1946 kikaanza kufundisha kwa njia ya posta. Mwombaji aliyesoma nje ya nchi hiyo hulazimika kuthibitisha kwamba cheti chake cha sekondari kinalingana na kile kinachomruhusu Mwafrika Kusini kuingia shahada. Asiyefikia kiwango huanza na cheti cha juu cha krediti 120 (krediti ni kipimo cha wingi wa kazi ya masomo), kisha akapanda. India, kupitia IGNOU, chuo kikuu huria cha taifa kilichoanzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1985, hudai miaka 12 ya shule kwa ajili ya shahada ya sanaa.

Mlango huria

Upande wa pili wa ulinganisho wamesimama wale waliouondoa mlango kabisa. The Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971 kwa msingi ambao wakati huo uliwashangaza wasomi wengi, kwamba kozi zake nyingi za shahada ya kwanza zisiulize cheti chochote cha shule. Athabasca University ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1970, inafuata fikra hiyo hiyo na humpokea hata kijana wa miaka 16. Mantiki yao ni kwamba ubora wa shahada unalindwa mwishoni, kwa mitihani na kazi zinazosahihishwa kwa kipimo kimoja, na kwamba alama alizopata mtu akiwa na miaka 18 hazisemi mengi juu ya uwezo wake akiwa na miaka 35. Mimi naikubali mantiki hiyo kwa moyo wote. Nimewaona watu waliofeli kidato cha sita kwa sababu ya msiba, ugonjwa au ukosefu wa mwalimu, na wakaja kuwa wasomaji na waandishi makini kuliko waliowapita darasani.

Hata hivyo mlango huo ulio wazi unaficha kizingiti kilichosogezwa ndani. Shahada kamili ya kwanza ya The Open University, ile iitwayo kwa Kiingereza honours, ina krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, jambo linaloleta saa 3,600 kwa jumla. Mtu mwenye kazi kwa kawaida huchukua krediti 60 kwa mwaka, yaani saa 600, na kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Oktoba na kuisha karibu na Juni, saa hizo zinagawanyika kuwa kama 17 au 18 kwa wiki, kwa miaka 6 mfululizo. Hakuna mtu anayemzuia asiyejiandaa kuingia, ila wiki ya 5, insha ya kwanza inapodaiwa kwa Kiingereza cha kitaaluma chenye marejeo yaliyopangwa kwa kanuni, ndipo pengo la maandalizi linapojitokeza. Vyuo huria kote duniani hupoteza wanafunzi njiani kuliko vyuo vya kawaida, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika mwaka wa kwanza.

Ukiiweka faundesheni kando ya hali hii, utaona kwamba mwaka ambao mdogo wangu aliuita kurudishwa nyuma si hasara tupu. Ni mwaka wa kujifunza kuandika, kutafuta marejeo na kupanga muda, unaofanyika kabla alama hazijaanza kuhesabiwa katika shahada. Kwa upande wake, The Open University imeweka nafuu ya namna nyingine, kwa kuwa krediti 120 za hatua ya kwanza haziingizwi katika kukokotoa daraja la shahada, ilmradi mtu azifaulu. Vyuo vyote viwili, kwa hiyo, vimempa mwanafunzi dhaifu muda wa kujijenga. Tofauti ni kwamba kimoja kinaziweka hatua hizo nje ya shahada na kingine ndani yake.

Lango la ajira

Nitakaa zaidi katika sehemu hii kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Chukua tangazo lolote la nafasi za kazi serikalini linalotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania, usome masharti ya jumla yaliyo mwishoni, ambayo watu huyaruka wakikimbilia mshahara. Mwombaji anatakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita kwa waliofikia ngazi hiyo, pamoja na vyeti vya taaluma. Linasema wazi kwamba karatasi za matokeo za muda hazikubaliki. Kisha linaongeza kwamba waliosoma nje ya nchi wahakikishe vyeti vyao vimetambuliwa na mamlaka husika, ambazo ni TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa shule na NACTVET kwa vyuo vya kati. Maneno hayo machache yanatosha kugeuza uamuzi wa mtu aliye njiapanda.

Maana yake ni hii: mtu anaweza kumaliza shahada kamili katika chuo cha nje ambacho hakikumwuliza cheti cha shule, tena akaimaliza kwa daraja la juu, lakini siku ya kuomba kazi serikalini bahasha yake bado inafunguliwa kuanzia chini. Wala si utaratibu wa kwenye karatasi tu. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliotangazwa nchini Tanzania Aprili 2017 uliwaondoa kazini watu 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo hakuna ofisi ya rasilimali watu inayopenda kuonekana imekipuuza cheti cha kidato cha nne. Shahada ya masafa iliyopatikana kihalali haina uhusiano wowote na udanganyifu, na mwenye nayo asikubali kudharauliwa. Hata hivyo anatembea katika mazingira ambayo kila cheti kinakaguliwa, na anapaswa kujua hilo kabla ya kulipa ada.

Kenya inatoa mfano ulio wazi zaidi. Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, inapomsajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sanaa, humtaka awe na stashahada ya uzamili ya elimu, awe na masomo mawili ya kufundishia, na zaidi ya hayo awe alipata wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika kila moja ya masomo hayo mawili. Mtu aliyepata C wastani na D+ katika Historia hawezi kulitibu jeraha hilo kwa shahada ya Historia, hata ikiwa imetoka chuo chenye sifa kubwa duniani. Kwake yeye mlango huria ni mzuri kwa mambo mengine yote, ila kwa ndoto ya kufundisha sekondari za serikali unamfikisha mbele ya ukuta.

Sasa geuza upande wa pili. Shirika lisilo la kiserikali linalotafuta mhariri wa ripoti, kampuni ya tafsiri, chombo cha habari, taasisi ya utafiti inayohitaji mtu wa kufanya mahojiano na kuandika matokeo yake, hawa kwa kawaida huitazama shahada kama uthibitisho wa jumla, kisha wakakuomba sampuli ya kazi. Nina rafiki mtafsiri wa kujitegemea mwenye cheti cha kidato cha nne tu, ambaye wateja wake wengi wako nje ya nchi. Kwake mlango huria ndio ulio sahihi, kwa sababu hakusudii kamwe kupeleka bahasha ya kaki serikalini, na jina la chuo cha Uingereza linaeleweka mara moja na watu anaowaandikia. Kumwambia aanze kuutafuta upya mtihani wa kidato cha sita kungekuwa kumpotezea miaka.

Kwa anayetaka kuliacha lango la serikali likiwa wazi huku akisoma chuo cha nje, ushauri wangu ni mmoja: aiandikie TCU, au mamlaka inayolingana nayo katika nchi yake, kabla ya kujiandikisha, akitaja jina la chuo, jina la programu, njia ya kusomea na vyeti alivyo navyo, na aombe jibu la maandishi. TCU hutoa vibali vya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, kwa hiyo si ombi geni kwao. Jibu la mdomo la wakala wa udahili halina uzito wowote siku ya uhakiki, na nasema hivi nikimkumbuka jirani aliyehakikishiwa na wakala kwamba "kila kitu kimeshatambuliwa", kisha akazunguka ofisi kwa miezi akitafuta barua ambayo haikuwahi kuwapo.

Sanaa ipi?

Neno sanaa katika shahada linabeba mambo mengi yasiyofanana mbele ya mwajiri. Katika utumishi wa umma kila kada ina muundo wake wa utumishi unaotaja majina ya fani zinazokubalika. Nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri, kwa mfano, hutaja fani kama maendeleo ya jamii na sosholojia. Mwenye shahada ya sanaa katika fasihi au historia, hata akiwa na kipaji kikubwa cha kufanya kazi na watu, huachwa nje na mfumo wa maombi kabla hajaonwa na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo shahada ya sanaa ya kujichagulia masomo, ambayo The Open University huitoa na ambayo kwa akili yenye udadisi ni neema kubwa, inahitaji tahadhari kwa anayelenga serikali, kwa kuwa jina lake halitaji fani moja.

Ulinganisho mwingine unaoulizwa sana ni kati ya shahada ya sanaa peke yake na shahada ya sanaa na elimu. Ya pili hufundisha masomo mawili ya kufundishia pamoja na nadharia ya elimu, na humpeleka mwanafunzi shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Hayo mazoezi ndiyo sehemu ambayo elimu ya masafa haiwezi kuyafanya kwa masafa: mwanafunzi atalazimika kuwa mbele ya ubao kwa wiki kadhaa, na mwajiri wake wa sasa lazima ampe ruhusa. Nchini Tanzania mwenye shahada isiyo ya ualimu anaweza kuomba kazi ya ualimu wa sekondari akiongeza stashahada ya uzamili ya ualimu katika somo husika, kwa hiyo njia haijafungwa. Anayejua tangu mwanzo kwamba anataka darasa achukue ya elimu na kuokoa mwaka mzima. Anayesitasita achukue ya sanaa, kwa kuwa kuongeza ualimu baadaye ni rahisi kuliko kuuvua ukiwa tayari ndio ulioandikwa juu ya cheti chako.

Upande wa Kiswahili nina matumaini makubwa, na sisemi hivyo kwa ushabiki wa lugha tu. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na Afrika Kusini imekiruhusu kufundishwa shuleni kama somo la hiari. Kila uamuzi wa namna hiyo, ukitekelezwa, unahitaji watafsiri, wakalimani, wahariri na walimu wa kufundisha Kiswahili kwa wageni. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, huweka kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, na shahada ya Kiswahili au isimu ndiyo sifa inayomweka mtu katika nafasi nzuri ya kuingia humo. Jambo ambalo wahitimu wengi hulikosa ni lugha ya pili iliyo imara. Mkalimani wa Kiswahili asiye na Kifaransa au Kiingereza cha kuaminika hana cha kukalimani, kwa hiyo anayechagua kozi ndogo za kuambatana na Kiswahili asiichukulie lugha ya kigeni kama pambo la ratiba.

Kuna pia wale ambao shahada ya sanaa kwao si kazi, ni daraja la kuvukia kwenda kwingine, na historia inao mfano mzuri. Nelson Mandela alifukuzwa chuo cha Fort Hare kabla ya kumaliza, akaikamilisha shahada yake ya kwanza ya sanaa kwa masafa kupitia Unisa akiwa Johannesburg, akarudi Fort Hare kwa mahafali mwaka 1943, na mwaka huo huo akaanza kusomea sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Shahada ile haikumpa kazi kwa jina lake. Ilimpa ruhusa ya kubisha hodi kwenye taaluma iliyofuata. Leo pia mwenye shahada ya sanaa anaweza kuingia uzamili wa mawasiliano, utawala wa umma, maktaba au mahusiano ya kimataifa, na kwa hao daraja la shahada lina uzito kuliko jina la fani, kwa hiyo afadhali asome polepole na apate daraja zuri kuliko kukimbilia kumaliza.

Muda, ada na mtihani

Juu ya ada nitasema kidogo, kwa kuwa viwango hubadilika kila mwaka na vinapatikana katika tovuti za vyuo. Tofauti ya msingi ni sarafu. Chuo cha nchini kinatoza kwa fedha unayolipwa mshahara, na kwa kawaida unalipia masomo unayojiandikisha muhula huo. Chuo cha nje kinatoza kwa pauni, dola au randi, na kwa safari ya miaka 6 mtu hajui shilingi itakuwa wapi mwaka wa nne. Ulizia mapema kama unaweza kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja bila kupoteza krediti ulizozipata, kwa sababu karibu kila mwanafunzi wa masafa mwenye familia atakuja kuihitaji ruhusa hiyo.

Mitihani inatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mikoa ambako mwanafunzi huketi kufanya mtihani ana kwa ana, akiwa na kitambulisho mkononi na msimamizi mbele yake. Vyuo vya nje vimehamishia sehemu kubwa ya tathmini zake mtandaoni, ambako mtihani una saa ya kuanza na ya kumaliza, na umeme ukikatika dakika ya 40 ni juu yako kuthibitisha. Kwa anayeishi mbali na makao makuu ya mkoa, nauli ya kwenda kituoni ni gharama halisi. Kwa anayeishi penye intaneti ya kusuasua, mtihani wa mtandaoni unamnyima usingizi wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Kila mmoja aupime udhaifu wa mahali pake.

Jambo dogo ambalo limewasumbua wengi ni jina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cha kidato cha nne jina la pili lenye herufi iliyopotea, na cha ndoa jina la tatu, lirekebishe kwa hati ya kisheria kabla ya kujisajili, ili shahada iandikwe jina litakalokubalika. Kwenye bahasha ya mdogo wangu, jina la baba lilikuwa limeandikwa kwa "y" katika cheti kimoja na kwa "i" katika kingine. Tuliliona kwa bahati tu, taa ilipokuwa imesogezwa karibu ili tusome namba ya mtihani.

Nilimwuliza swali moja kabla ya kumpa maoni yangu: siku ukimaliza, utaipeleka wapi? Alijibu bila kufikiri kwamba anataka kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri ya kwao. Jibu hilo liliamua mambo matatu kwa mpigo: fani iwe sosholojia, chuo kiwe cha nchini, na vyeti vya chini vinyooshwe sasa. Alianza na wakili kwa ajili ya lile jina, kisha akajaza fomu ya faundesheni, na siku za Jumamosi asubuhi mtoto anabaki kwa mama mdogo ili yeye apate saa 5 mfululizo za kusoma.